Uzi: Nimechukua monita ya 4K, mshale unatambaa kama konokono. Waya gani ndio wenyewe?

Mchora Ramani (Chake Chake)

Assalam alaikum wanajukwaa.

Mie kazi yangu kuchora ramani za nyumba, nipo Machomane. Miaka yote nimechora kwenye kioo cha laptopu, inchi 14, mpaka macho yakaanza kudai haki yao. Mwezi uliopita nikajikaza, nikachukua monita ya mtumba, inchi 27, 4K, kwa jamaa aliyekuwa anahama. Kioo kizima, hakina hata mkwaruzo.

Mtihani ulianza nilipoiunganisha. Laptopu yangu ni ThinkPad T480. Nikachukua waya wa HDMI uliokuja na king'amuzi, nikachomeka. Picha imetoka safi, mistari ya ramani utadhani imechongwa kwa wembe. Lakini mshale wa mausi unatambaa! Nikivuta dirisha kutoka kushoto kwenda kulia linakuja kwa vituo, kama daladala ya asubuhi. Nikianza kuzungusha jengo ndiyo basi tena, kichwa kinauma.

Nikaenda dukani. Muuzaji hata hakusita: "Waya wako wa zamani, chukua huu wa 8K." Waya mnene, umesukwa kwa nyuzi, ncha za rangi ya dhahabu, umeandikwa 2.1 kila mahali. Shilingi 45,000. Nimerudi nao mbio. Hakuna kilichobadilika, hata chembe.

Sasa huyu ananambia DisplayPort, yule ananambia USB-C, na mmoja kanishauri nirudi VGA. Laptopu ina tundu la HDMI na matundu mawili ya USB-C, moja limechorwa kiradi pembeni. Monita nyuma ina HDMI mbili na DisplayPort moja. Nisaidieni kabla sijatia pesa nyengine baharini.


Kijana wa Kikwajuni

Kaka dawa ni kununua laptopu mpya tu, hahaha. Hiyo T480 umri wake inaitwa babu.


Fundi Mlandege

Wa alaikum salaam. Mwache huyo wa juu, ana kijiba cha gemu.

Yakhe, kabla sijakwambia kitu, fungua Settings, ingia System, kisha Display, shuka mpaka Advanced display. Chagua monita ya nje. Tuandikie hapa namba ya hezi unayoiona, yaani picha inachorwa mara ngapi kwa sekunde.


Mchora Ramani

Imeandikwa 30. Nikifungua orodha naona 30, 25 na 24, basi.


Fundi Mlandege

Basi mgonjwa ameshajulikana, na si waya. Wala ule wa king'amuzi haukuwa na kosa.

Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Kila nukta ina biti 24 za rangi. Ukitaka picha nzima ichorwe mara 60 kila sekunde, na ukihesabu mizigo midogo midogo inayosafiri pamoja na picha, unahitaji njia ya karibu gigabiti 18 kwa sekunde. HDMI toleo 1.4, lile la mwaka 2009, mwisho wake gigabiti 10.2. Haipiti. Kwa hiyo laptopu na monita zinasikilizana kimyakimya: tuchore mara 30 tu. Hapo zinatakiwa kama 8.9, na zinapita. Huo ndio mwendo wako wa konokono. Toleo 2.0 la mwaka 2013 ndilo lililofika 18, na 2.1 la 2017 likapanda mpaka 48.

T480 imetoka 2018, lakini tundu lake la HDMI ni 1.4. Si peke yake. Laptopu nyingi za ofisi za wakati ule, zile za Intel kizazi cha 8, ziko hivyohivyo, na ndizo zilizojaa kwenye maduka yetu ya mitumba. Hata uletewe waya uliosukwa peponi, mfereji ukitoa maji kidogo mpira mnene hauijazi ndoo haraka.

Dawa unayo mwenyewe, ni yale matundu ya USB-C. Ndani yake mna DisplayPort, na kwenye laptopu yako inatoa 4K kwa hezi 60 bila jasho. Tafuta waya mmoja, ncha moja USB-C, ncha ya pili DisplayPort. Mita 2 zinakutosha mezani. Usibandike adapta juu ya adapta, kila kiungo ni mahali pa kukatika.


Mchora Ramani

Subhanallah. 45,000 yangu.

Nimepita madukani hapa Chake mchana huu. USB-C kwenda DisplayPort hamna. Nimekuta waya wa HDMI kwenda DisplayPort, bei 15,000, muuzaji anasema "ni hiyohiyo tu, HDMI unachomeka kwenye laptopu, DP kwenye monita". Nichukue?


Fundi Mlandege

USICHUKUE. Kwanza bado utakuwa unatoka kwenye lile tundu dogo la HDMI, na hezi zitabaki 30. Pili, waya hizo nyingi ni za upande mmoja: DisplayPort iwe kwenye kompyuta, HDMI iwe kwenye kioo. Kompyuta yenye DP huweza kujigeuza ikaongea lugha ya HDMI, ndiyo maana adapta yake ni nyepesi na rahisi. Kinyume chake hakiwezekani bila kifaa chenye chipu ya kutafsiri, na aghalabu kina kimkia cha USB cha kuvuta umeme. Ukiona waya wa HDMI kwenda DP hauna kimkia, ujue mara nyingi ni wa upande mwengine. Nimewarudisha watu wangapi dukani na waya hizo.


Ukht Tunguu

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mie ni mwanafunzi, nina monita ndogo ya inchi 15 ile ya kubeba, inatumia USB-C. Waya uliokuja nayo umepotea. Nikichomeka waya wa chaja ya simu, monita inawaka taa, inaandika No Signal, inalala. Wakati waya unaingia vizuri kabisa pande zote mbili. Imekufa?


Baharia72

Haijafa dada. Tundu la USB-C limewachanganya wengi kwa sababu umbo ni moja, kazi mbalimbali. Waya wa chaja ya simu kwa kawaida ndani una nyaya za umeme na zile mbili za data ya zamani, kasi ya USB 2.0. Picha hupita kwenye jozi za kasi, na waya wa chaja hauna. Ndiyo maana taa inawaka (umeme umefika) na picha hakuna. Tafuta waya wa USB-C ulioandikwa kasi ya gigabiti 10 au zaidi, au uliotajwa waziwazi kuwa unapitisha video.

Halafu angalia na tundu la laptopu. Si kila USB-C inatoa picha. Ukiona alama ya radi, au kialama cha DisplayPort, herufi D na P zimeunganishwa, hapo sawa. Ukiona alama ya USB tu, au hamna alama, soma sifa za modeli yako kabla hujatoa pesa.


Ukht Tunguu

Nimetazama. Hamna alama yoyote. Na kwenye maelezo ya laptopu wameandika data tu. Sasa?


Fundi Mlandege

Usihuzunike mwanangu. Hiyo monita huenda ina tundu jengine dogo la HDMI ubavuni, geuza uone. Kama ni mini HDMI, nunua waya wa HDMI kwenda mini HDMI, wa bei ya chini kabisa. Monita ya namna hiyo mara nyingi ni 1920 kwa 1080, robo ya nukta za 4K. Inataka kama gigabiti 4 na nusu tu, waya wowote mzima wa HDMI unaibeba. Ila HDMI haibebi umeme wa kuwasha kioo, kwa hiyo ule waya wa chaja ya simu utauchomeka kwa ajili ya umeme. Nyaya mbili badala ya moja, basi.


Ukht Tunguu

Ni mini HDMI kweli! Allah akulipe kheri ami. Nilishaanza kuhesabu pesa za ada.


Maalim wa Wete

Na mie nisaidieni. Skuli kwetu projekta iko juu ya dari nyuma ya darasa, meza ya mwalimu mbele. Waya unaozunguka ukutani ni kama mita 15. Tulikuwa na VGA, maandishi yana kivuli, kila herufi ina pacha wake. Tukatiwa HDMI nyembamba ya mita 15, picha inakuja sekunde mbili, inazima, inarudi. Watoto wanacheka.


Fundi Mlandege

Maalim, hapo sasa ndipo waya wenyewe unapohukumiwa.

VGA ni kitu cha mwaka 1987, inapeleka picha kama mawimbi ya umeme, si namba. Waya ukirefuka mawimbi yanachoka na kugongana, ndiyo hao mapacha wako. HDMI ni namba tupu: ikifika imefika kamili, isipofika utaona vinukta vinavyometameta kama kimulimuli, au kioo kinazima na kuwaka. Haififii taratibu kama VGA. Anayekwambia waya ghali wa HDMI unatoa rangi tamu zaidi kuliko waya rahisi unaofanya kazi, huyo anauza. Kinachochosha namba ni urefu na wembamba wa shaba. Na nyaya nyingi za rahisi ndani si shaba hata kidogo, ni chuma kilichopakwa shaba juu. Chukua sumaku ndogo ya jikoni uipitishe kwenye nyuzi za waya mbovu uliokwisha kukatika, utaona.

Kwa mita 15 una njia mbili. Moja, HDMI ya nuru, yenye uzi wa kioo ndani. Hiyo ina mwelekeo: ncha moja imeandikwa Source, inakaa kwenye laptopu, nyengine Display, inakaa kwenye projekta. Mkiipitisha ukutani kinyume mtaibomoa plasta tena. Na isikunjwe kama kamba ya mbuzi, uzi wa kioo huvunjika. Pili, vile visanduku viwili vinavyotumia waya wa mtandao wa Cat6 katikati, kimoja cha kutuma, kimoja cha kupokea. Mimi kwa skuli napendelea visanduku, kwa sababu waya wa Cat6 ukitafunwa na panya fundi yeyote wa mtandao Wete anaubana upya.


Maalim wa Wete

Panya umewajuaje?


Fundi Mlandege

Maalim, mimi fundi wa mwaka wa ishirini na mbili.


Baharia72

Fundi umenena, ila nikuongeze moja: dhahabu kwenye ncha ni utapeli mtupu. Watu wanalipia rangi.


Fundi Mlandege

Hapo tutagombana kidogo. Kwa picha, ndiyo, dhahabu haiongezi kitu. Lakini sisi tunaishi na chumvi. Nyumba za karibu na bahari nafungua vifaa vya miaka mitatu nakuta pini zimeota ukijani. Dhahabu haishiki kutu, kwa hiyo ncha iliyopakwa kweli inadumu zaidi pwani. Kweli, nasema. Nyingi zimepakwa rangi ya njano kwenye ganda la nje, na pini za ndani, zinazofanya kazi, hazina kitu. Chungulia ndani ya mdomo wa ncha, usitazame ganda. Na kama picha imeanza kukatika baada ya mwaka, kabla hujatupa waya, pangusa ncha kwa spiriti safi ya mafundi, iache ikauke, jaribu tena.


Baharia72

Haya, nimekubali nusu.


Kijana wa Kikwajuni

Jamani msinicheke. Juzi niliponunua monita ya hezi 144 nikatia waya wa DisplayPort wa mtumba, gemu linakwenda kama maji. Leo asubuhi nimezima kompyuta, nikiwasha haiwaki. Feni inazunguka kidogo inakufa. Nikichomoa waya wa DP inawaka vizuri. Hii nayo ni nini??


Fundi Mlandege

Ahaa, mwenye laptopu mpya amerudi.

Waya wako una kosa la kuzaliwa nalo. Ncha ya DisplayPort ina pini 20, na ile ya 20 ni ya umeme kwa ajili ya adapta. Kanuni inasema kwenye waya wa kawaida, wa DP kwenda DP, pini hiyo isiunganishwe ncha kwa ncha. Baadhi ya watengenezaji huiunganisha tu. Matokeo yake monita inasukuma umeme kurudi kwenye kompyuta hata ikiwa imezimwa, na ubao wa kompyuta unachanganyikiwa wakati wa kuwaka. Tupa huo waya, usimpe hata rafiki. Nunua mwengine, na usiufanye mrefu kupita mita 2.


Kijana wa Kikwajuni

Nimeukata kwa mkasi. Samahani Mchora Ramani kwa lile la babu.


Mchora Ramani

Usijali. Mie nimeshamwagiza shemegi yangu Unguja, kanitafutia USB-C kwenda DisplayPort, kaujaribu dukani palepale kwa laptopu yake kabla ya kulipa. 30,000. Unakuja na boti ya kesho mpaka Mkoani, nitaufuata mwenyewe.

Ila nina swali jengine. Nikigusa ganda la monita na laptopu kwa pamoja nasikia kama chungu wananitambaa mkononi. Kawaida?


Fundi Mlandege

Si kawaida, na nimefurahi umeuliza. Plagi zetu za miguu mitatu, ule mguu mrefu wa juu ni wa ardhini. Watu wanaukata, au wanatumia soketi ya kuunganishia ya miguu miwili, au nyumba yenyewe haina waya wa ardhini uliofika chini. Umeme mdogo unaovuja kwenye chaja unakosa pa kwenda, unakaa kwenye maganda ya vifaa, na siku unapochomeka HDMI kikiwa kimoja kinawaka kwenye soketi hii na chengine kule, cheche inapita kwenye tundu. Nimeshabadilisha matundu ya HDMI mengi kwa sababu hiyo. Tia monita na laptopu kwenye ubao mmoja wa soketi wenye ardhi, mwite fundi umeme apime, na mpaka apime unganisha waya wa picha kwanza, swichi ya ukutani baadaye. Hasa umeme unapokatika na kurudi, chomoa.


Mchora Ramani

Leo Jumamosi, waya umefika. Sikungoja hata chai. Nimechomeka USB-C kwenye tundu la kiradi, DP nyuma ya monita, nikabadilisha chanzo kwenye vitufe vya monita. Picha imekuja. Nikakimbilia Advanced display.

30.

Wallahi nimekaa chini. Nimetoa pesa mara mbili, na konokono yuleyule.


Baharia72

Pole sana. Labda waya mbovu?


Ukht Tunguu

Labda tundu la pili la USB-C ujaribu?


Mchora Ramani

Nimejaribu, vilevile. Fundi uko wapi?


Fundi Mlandege

Nilikuwa mskitini. Tulia.

Ingia kwenye menyu ya monita yenyewe, si ya Windows, ile inayotoka kwa vitufe vya chini. Tafuta sehemu ya DisplayPort. Monita nyingi za 4K za mwanzo zina chaguo la toleo la DP, 1.1 au 1.2, na aliyekuwa nayo pengine aliliacha kwenye 1.1 kwa ajili ya kompyuta ya zamani. DP 1.1 ina gigabiti 10.8 tu, ndugu yake HDMI 1.4. Ukiweka 1.2 unapata 21.6.


Mchora Ramani

IPO! Imeandikwa DP 1.1. Nimeweka 1.2, kioo kikazima, moyo ukazima nao, kikawaka. Hezi 60!

Mshale unateleza. Nimezungusha jengo la ghorofa mbili zaidi ya mara kumi bila sababu, mke wangu ananitazama tu.

Kimebaki kitu kimoja, maandishi ni madogo mno.


Fundi Mlandege

Palepale kwenye Display kuna Scale, weka asilimia 150. Nukta zitabaki zilezile, maandishi yatakua. Na siku ukirudi kutumia HDMI ukaona weusi umekuwa kama majivu, kompyuta imeidhania monita ni televisheni na inapeleka rangi zilizobanwa. Ingia kwenye programu ya kadi ya picha, tafuta Quantization Range, weka Full.


Mchora Ramani

150 imekaa sawa. Nakushukuru fundi, nikija Unguja nakuletea halua ya Wete.


Kijana wa Kikwajuni

Ule waya wa 8K unauza? Natoa 20,000. Nataka nitie kwenye mashine ya gemu, televisheni ya nyumbani inafika hezi 120.


Fundi Mlandege

Huko unastahiki kweli. Ila kwanza atazame kama boksi lina lebo ya Ultra High Speed yenye mraba wa kuskani kwa simu. Maneno 8K na 2.1 kila mtu anaweza kuyachapa.


Mchora Ramani

Lebo haina. Na waya wenyewe haupo tena, nimempa mama ameutia kwenye king'amuzi. Nimemuuliza picha vipi. Kasema ni ileile, ila waya unapendeza.